Mwalimu Aliyempa Mungu Sifuri

Wapendwa, leo nina mfano, na mfano wenyewe una fundo ambalo mimi ninayewasimulia nimeshindwa kulifungua. Fundo ni hili: daftari la mtoto wa shule lilifikaje ndani ya kapu la sadaka, katikati ya mayai na maboga? Mwenye daftari alisema hakuliweka. Baba yake alisema hakuliweka. Mwalimu aliyelisahihisha alisema si yeye. Mtaniambia, wewe ndiye uliyetunga mfano, unakosaje kujua? Ni kweli, ningepaswa kujua. Nimejaribu kumbebesha kila mmoja wao tendo hilo, na kila ninayembebesha halimkai. Basi mnivumilie. Nitasimulia ninachokijua.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kujenga, katika kijiji cha milimani ambako kanisa ndilo lililojengwa kwanza na shule ikafuata, na vyote viwili vilijengwa kwa mkono wake. Alikuwa mzee wa kanisa pia, na ndiye aliyepewa maombi mazito: maombi ya wagonjwa, ya safari, na ya mvua.

Fundi huyu alikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, hakuanza kazi bila sala wala hakujenga bila wimbo. Vibarua wake waliimba toka tofali la kwanza hadi la mwisho, na asiyejua kuimba alifundishwa wimbo kabla ya kufundishwa kuchanganya mchanga na saruji. Desturi ya pili ilikuwa kama kinyume cha ile ya kwanza. Alipotundika timazi, ule uzi wenye chuma kizito mwishoni unaoonyesha kama ukuta umesimama wima, aliinua mkono wa kushoto, na hapo wimbo ulikatika hata kama ni katikati ya neno. Watu wakiimba huyumba. Wakiyumba, jukwaa walilosimama linayumba. Na uzi wa timazi haupatani na kuyumba.

Walisimuliana kwamba siku moja, kuta za kanisa zikiwa zimefika usawa wa madirisha, askofu alipita kuona kazi. Akapanda jukwaani, akafumba macho, akaanza kuliombea jengo. Kumbe fundi alikuwa ametundika timazi. Mkono wa kushoto ukapanda. Askofu akasikia watu wote kimya, akafumbua jicho moja, akauona ule mkono, naye akanyamaza na "Ee Bwana" yake ikabaki mdomoni. Fundi akausoma uzi, akagonga tofali moja kwa mpini wa mwiko, akausoma tena. Kisha akashusha mkono.

"Haya baba askofu," akasema, "endelea."

Kijiji kizima kiliipenda hadithi hiyo. Iwekeni akibani, tutaihitaji.

Fundi alikuwa na binti aliyesoma kidato cha pili katika shule ileile ya usharika. Binti huyu alikuwa na kazi yake. Nyuma ya maabara kulikuwa na kipimamvua, chupa ya kukinga mvua yenye alama za milimita, na kila siku saa tatu asubuhi ndiye aliyekwenda kukisoma na kuandika milimita. Alikuwa akimwambia baba yake kwamba akimaliza shule anataka kazi ya namna hiyo, ya kuziangalia mbingu na kuandika. Baba alikuwa akicheka na kusema, "Hata manabii walifanya hivyo." Mwisho wa mwaka ule wanafunzi wangechagua mchepuo. Fomu ya mchepuo wa sayansi ilikuwa tayari nyumbani, imejazwa kila mahali isipokuwa mstari mmoja, nao ni mstari wa sahihi ya mzazi.

Lakini mwaka ule vuli ilichelewa. Binti aliandika sifuri Jumatatu, sifuri Jumanne, sifuri wiki nzima, mpaka ukurasa wa daftari la kipimamvua ukawa kama shanga zilizotungwa. Kanisani ikatangazwa Jumapili ya kuombea mvua. Fundi akasimama mbele, na ninyi mnajua sala ya mtu ambaye mahindi yake yanakauka. Aliomba mpaka jasho likamtoka. Na katikati ya sala akasema: "Bwana, mvua inatoka kwako. Haina mahali pengine inapotoka. Anayesema inatoka pengine, ameshakukana." Watu wote wakasema amina. Binti alikuwa benchi la nne. Mwalimu wake wa sayansi alikuwa kwenye kwaya, mstari wa nyuma, na amina yake ilikuwa nzito kuliko zote, maana aliimba bezi.

Kesho yake mwalimu yuleyule aliwapa darasa jaribio. Swali la tatu lilisema: Eleza jinsi mvua inavyotokea. Alama tano.

Binti wa fundi aliandika mstari mmoja: Mvua inatoka kwa Mungu.

Mwalimu alikuwa na madaftari arobaini na mawili mezani. Alipofika kwenye lile, akachora alama ya kosa, mistari miwili mikubwa ya wino mwekundu iliyokatana juu ya sentensi nzima, na pembeni akaandika sifuri. Alipoyarudisha madaftari, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwani Mungu haleti mvua?" Mwalimu alikuwa amechoka, kipindi kilikuwa kinaisha. Akajibu, "Hayo ni ya kanisani. Humu tunazungumza mambo ya kweli." Kengele ikalia. Akachukua chaki zake akaenda kunywa chai.

Je, ninyi mmewahi kusema neno dogo mkiwa mnaelekea kwenye chai, nalo likawafuata miaka? Mimi nimewahi. Kwa hiyo msimhukumu bado.

Jumapili iliyofuata ikawa ile siku ya daftari. Mnaujua mnada wa sadaka, hata kwetu upo: asiye na fedha analeta alichovuna, na ibada ikiisha tunatoka nje kununua. Kule mnadishaji alikuwa mzee mmoja mcheshi ambaye angeweza kumuuza jogoo kwa mwenyewe aliyemtoa.

"Mayai manane!" alikuwa akisema, amesimama juu ya benchi. "Ya kienyeji haya, mama yao bado ana kinyongo! Nani anaanza?"

Mayai yakaenda. Boga likaenda. Akatia mkono kapuni, akatoa daftari.

"Aisee! Leo kuna aliyetoa elimu! Ngojeni niifungue tuone kama imeiva."

Akafungua katikati, akasoma kwa sauti ileile ya kuuzia maboga: "Swali la tatu. Eleza jinsi mvua inavyotokea. Jibu: Mvua inatoka kwa Mungu."

"Amina!" watu wakaitikia.

Na hapo angeweza kufunga daftari. Lakini alikuwa mtu ambaye macho yakiona, mdomo unasema. "Kosa," akasoma, sauti imeshuka. "Sifuri."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Aliyepewa sifuri ni nani?"

Mwingine akajibu, "Si Mungu?"

Hivyo ndivyo jambo lilivyopata jina lake. Kabla watu hawajafika nyumbani, mlima mzima ulikuwa unasema kwamba kuna mwalimu amempa Mungu sifuri.

Fundi hakuhitaji kuuliza daftari ni la nani. Lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na aliyelifunika ni yeye. Alilichukua kutoka mkononi mwa mnadishaji, akaenda nalo nyumbani, akalifungua mezani mbele ya binti yake.

"Nani aliyechora hivi juu ya jina la Mungu?"

"Mwalimu."

"Akasema nini?"

Binti akamwambia, neno kwa neno. Fundi akalifunga daftari. Kisha akaichukua ile fomu ya mchepuo, akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo binti hafiki.

"Sitatia sahihi," akasema. "Siwezi kukupeleka kwa mkono wangu mahali ambako utafundishwa kumkana aliyekuumba. Utachagua masomo mengine."

"Sawa baba," binti akasema. Na asubuhi yake, saa tatu, alikwenda kukisoma kipimamvua, akaandika sifuri, akamkabidhi mwenzake daftari la mvua, akamwambia, "Kuanzia kesho utaandika wewe."

Msimcheke fundi, wapendwa. Baba anayeogopa mtoto wake atapotea si mjinga. Na msimcheke mwalimu, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri na jibu halikuwa jibu lake. Mimi nimekaa na watu hawa wawili moyoni kwa miaka, na kila mmoja akianza kusema naona ana haki, mpaka mwenzake naye aanze kusema.

Jumatano alasiri bodi ya shule ilikaa. Walikaa ndani ya maabara, kwa kuwa ndicho chumba kilichokuwa wazi, kila mtu juu ya stuli ndefu, miguu inaning'inia kama watoto. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mkunga mstaafu. Nusu ya watu waliokuwa mle ndani aliwapokea yeye walipozaliwa, kwa hiyo hakuna aliyempandishia sauti.

"Mimi ni mkunga," akaanza. "Najua kusubiri. Kila mtu aseme taratibu. Kwanza: nani aliliweka daftari kapuni?"

Akawatazama mmoja mmoja. Wote wakatikisa kichwa, na mimi nikiwatazama pamoja naye sioni mwongo hata mmoja.

"Haya. Fundi, sema."

Fundi akashuka kwenye stuli, akasimama. Penseli yake ya kazi ilikuwa nyuma ya sikio kama kawaida. "Sina maneno mengi," akasema. "Chumba hiki nimekijenga mimi. Kila tofali la humu limepita mkononi mwangu, na kila tofali liliimbiwa. Sikujua kwamba nilikuwa najenga nyumba ya kumpigia Mungu kosa. Ninaomba jambo moja. Mwalimu afute kosa, aweke vema, ampe mtoto alama zake tano. Akikataa, usharika utafute mwalimu mwingine."

Baadhi ya wazee wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu akaomba kusema.

"Mzee wangu," akasema, "nikiweka vema pale, nitakuwa nimemdanganya binti yako. Kesho ataulizwa jinsi mtu anavyopata malaria, ataandika inatoka kwa Mungu. Ataulizwa jinsi mbegu inavyoota, ataandika hivyo hivyo. Jibu moja litampa vema kila ukurasa, na siku ya mwisho atatoka shuleni hajajifunza kitu."

"Mimi nilitoka shule na jibu hilo hilo," mnadishaji, naye mjumbe wa bodi, akadakia. "Sikupewa sifuri. Nilipewa fimbo."

"Nyamaza wewe," mwenyekiti akamwambia. "Wewe uliyesoma daftari la mtoto kwenye mnada wa mayai." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, uliwaambia watoto kwamba humu ndimo mnamozungumza mambo ya kweli?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Nilisema, mama."

"Siku ya maombi ya mvua uliitikia amina?"

"Niliitikia."

"Ulikuwa unadanganya kanisani, au ulikuwa unadanganya darasani?"

Angeweza kujitetea, watu wenye elimu hatukosi maneno. Lakini akasema, "Kanisani sikudanganya. Darasani nilisema neno ambalo sikuwa nalo haki ya kulisema. Nilijua jinsi mvua inavyotokea, nikazungumza kama vile nimeshapanda juu mbinguni nikakuta hakuna mtu."

Fundi akaguna. Hakutarajia hilo. Lakini akabaki amesimama. "Hilo nimelisikia," akasema. "Bado kuna kosa jekundu juu ya jina la Mungu."

Mwenyekiti akasema, "Mwiteni mtoto."

Binti akaja, akasimama karibu na mlango, mikono nyuma. Shikamoo zikazunguka chumba kizima. Mwenyekiti akamwonyesha daftari.

"Mwanangu, hili jibu uliliandika wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Darasani hamkufundishwa mvua?"

"Tulifundishwa."

"Sasa hukuelewa?"

Binti akamtazama baba yake, akatazama chini. "Nilielewa. Naweza kusema hata sasa hivi. Jua linapasha maji ya ziwa na mito na majani, yanapanda hewani kama mvuke usioonekana. Yakifika juu kwenye baridi yanagandamana kuwa matone madogo, ndiyo mawingu. Matone yakishikana yakawa mazito, hewa inashindwa kuyabeba, yanaanguka. Na milima yetu inaisukuma hewa juu, ndiyo maana huku kunanyesha kuliko kule chini."

Mwalimu alikuwa amefumba macho kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

"Ulijua yote hayo?" fundi akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nilijua, baba."

"Kwa nini hukuandika?"

"Kwa sababu uliomba," binti akasema. "Ulisema anayesema inatoka pengine amemkana Mungu. Nilishika kalamu nikaona nikiandika mvuke nitakuwa nimemkana Mungu, na wewe nimekukana mbele yake. Nikaona ni afadhali nipate sifuri."

Hebu tusimame hapa kidogo, wapendwa. Mtoto alijua, akaficha anachokijua, kwa ajili ya imani. Je, Mungu alitukuzwa? Na kama Mungu hakutukuzwa, ni nani aliyemfundisha mtoto yule kwamba mbele za Mungu lazima ujifanye hujui? Si mwalimu. Mwalimu hakuwa hata na habari. Alifundishwa na sala. Sala njema, ya mtu mwema.

Fundi aliketi. Stuli ikalia chini yake. Na binti, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema na woga ulikuwa umepita, akaendelea.

"Baba, naomba kukuuliza jambo la kazini kwako."

"Uliza."

"Ukitundika timazi, kwa nini unatukataza kuimba?"

"Si unajua? Jukwaa linayumba."

"Najua. Sasa tukiwa tumenyamaza vile, tunakuwa tumemwacha Mungu?"

Fundi akaitoa penseli nyuma ya sikio, akairudisha.

"Yule askofu uliyemnyamazisha," binti akasema, "ulikuwa unamkataza Mungu?"

"Jibu, fundi," mnadishaji akasema. "Siku ile nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika ngazi."

Safari hii mwenyekiti hakumnyamazisha.

Fundi aligeuka akautazama ukuta wa maabara, ukuta wake mwenyewe, toka sakafuni hadi darini. Akautazama kwa muda kama mtu anayesoma barua. "Sijamwacha," akasema mwishowe. "Nikitundika timazi ndipo namwogopa kuliko nikiimba. Wimbo nikiukosea, atanisamehe. Lakini ukuta ukienda upande nami nikasema umesimama, siku moja nitawaangushia watoto wake."

"Basi baba," binti akasema, "mwalimu alipouliza lile swali, alikuwa ametundika timazi. Mimi ndiye niliyeimba."

Kisha mkunga mzee akaanza kucheka, taratibu, kicheko cha mtu aliyesubiri usiku kucha na sasa anasikia mtoto analia. Mnadishaji akamfuata, akacheka mpaka akashuka kwenye stuli. Na fundi, ambaye toka Jumapili alikuwa amebeba kifuani kitu kizito kuliko saruji, akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka pamoja nayo. Mtoto wake hakuwa amepotea. Hakuwa amekaribia hata kupotea. Alikuwa amesimama wima.

"Na mimi," mwalimu akasema, "nikawaambia watoto kwamba kuimba ni uongo. Uzi wa timazi haujawahi kuniambia hivyo. Wenyewe hauna la kusema juu ya nyimbo."

Wapendwa, tuseme nini sisi?

Sisi tunabishana kama imani iingie kwenye somo la sayansi au isiingie, na tunabishana kama vile Mungu amesimama nje ya mlango na kofia mkononi, anasubiri bodi ya shule imruhusu. Yumo. Alikuwemo tofali la kwanza lilipowekwa. Swali si kama yumo. Swali ni sisi tunafanya nini uzi ukiwa umetundikwa. Maana tunayo tabia, na nasema sisi nikijihesabu, ya kuliweka jina la Mungu mahali pa kazi ambayo hatujaifanya. Mgonjwa akifa kwa kucheleweshwa tunasema ni mapenzi ya Mungu. Daraja likibomoka tunasema ni mapenzi ya Mungu. Na mtoto akitupa jibu fupi lenye jina hilo tunataka apewe alama tano, kwa kuwa tunaogopa kwamba bila alama zetu Mungu atafeli.

Mwaka ule kipimamvua kilitoa sifuri siku zaidi ya arobaini mfululizo. Hakuna aliyekwenda kukivunja. Hakuna aliyesema kinamtukana Mungu. Kila mtu alijua kwamba kinasema kilichomo, basi. Kwa nini tunamwonea mwalimu kuliko tunavyoionea chupa?

Lakini na ninyi mnaofundisha, mlio hapa leo, msitoke mkinichekea baba wa watu. Timazi inajua kitu kimoja, nayo inakijua vizuri sana. Siku mtakapoitumia kutuambia kwamba wimbo hauna maana, mtakuwa mmeimba na ninyi, tena nje ya sauti, huku mkono wa fundi uko juu.

Mtaniuliza kuhusu mvua. Haikunyesha siku ile, msinitazame hivyo. Ilinyesha baada ya siku kumi na moja. Binti alikwenda saa tatu asubuhi kwenye kipimamvua, akapiga magoti matopeni macho yawe sawa na maji, akanyamaza. Milimita sita. Akaandika sita. Halafu ndipo akaimba.

Maana alikuwa amerudi kazini kwake, na sasa niwaambie alivyorudi, nimalize.

Iliamuliwa Jumatano ile kwamba mwalimu abaki, na kwamba neno lile la "mambo ya kweli" alirudie mwenyewe mbele ya darasa na kuliombea radhi. Alifanya hivyo kesho yake, kabla hajashika chaki. Iliamuliwa kwamba sala iendelee kuwa kabla ya kipindi kama ilivyokuwa, na kwamba mwenye swali la kwa nini kuna mvua, na kwa nini kuna sisi, alipeleke kwenye kipindi cha dini, wala mtu asimcheke. Na mwalimu wa sayansi akaomba ruhusa ya kuhudhuria kipindi hicho naye akae nyuma. Iliamuliwa kwamba sifuri isifutwe. Mwenyekiti alipouliza nani anapinga, alimtazama fundi, na fundi akasema hapingi.

Likabaki lile kosa jekundu. Wino haufutiki, na kuchana ukurasa hakuna aliyetaka. Wakaamua yaandikwe maneno pembeni yake. Mwalimu akatoa kalamu, lakini fundi akanyoosha mkono wa kushoto, na mwalimu akasimama hapo hapo. Fundi akachukua daftari, akatoa penseli nyuma ya sikio, ile nene ya kuchorea mbao, akaandika kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea daftari: Hili ni kweli. Ila swali liliuliza jinsi. Sifuri ibaki.

Kisha akaenda nyumbani, akapanda kiti, akaishusha ile fomu juu ya kabati, na kwa penseli hiyo hiyo akatia sahihi.